Sungura wangu amewasusa watoto?

Msomaji wa Buhongwa, Mwanza, ameniandikia hivi: “Shikamoo daktari. Nilinunua sungura jike mweupe na dume lake miezi miwili iliyopita, nawafuga banda moja. Jike amezaa watoto 9. Leo wana siku 4 na wawili wameshakufa. Mama yao anakaa kona ya pili ya banda, sijamwona akinyonyesha hata mara moja. Jirani anasema amewasusa kwa sababu niliwashika. Mama mkwe anasema niwatoe niwanyweshe maziwa ya ng’ombe kwa bomba la sindano. Na kuna mteja anataka wanne wakifikisha wiki 3. Nifanyeje, na hawa wanakua vipi mpaka waache kunyonya?”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hao wawili.

Kabla hujashika bomba la sindano, kesho alfajiri, jua halijapiga bati, nawa mikono kwa maji matupu, isugue kidogo kwenye nyasi anazolalia mama yao, kisha fungua kiota utoe mtoto mmoja. Mlaze chali kiganjani, umtazame tumbo. Mtoto aliyenyonya tumbo lake ni la duara, ngozi imevutika kama ya ngoma, na kwa kuwa manyoya bado ni machache utaona kabisa upande wake wa kushoto, chini ya mbavu, doa jeupe. Hayo ni maziwa, unayaona kupitia ngozi. Asiyenyonya tumbo limebonyea, ngozi imekunjamana ubavuni kama soksi iliyolegea, na ukimgusa anarusha kichwa juu akitafuta. Watazame wote saba namna hiyo. Tumbo la mtoto ndilo litakalotuambia mimi na wewe kama mama ananyonyesha. Kumkodolea macho mama kutwa nzima hakutakuambia kitu.

Nakueleza kwa nini. Sungura tuliyekua naye kwenye hadithi za jioni, yule anayemzidi Fisi maarifa, ni sungura wa porini kwetu. Huyo hachimbi shimo. Watoto wake wanazaliwa na manyoya yao, macho yako wazi, na muda si mrefu wanaweza kuruka. Huyu uliyemnunua ni mnyama mwingine, ingawa Kiswahili kimewapa jina moja. Asili yake ni Hispania na Ureno, na huko ni mchimbaji wa mashimo. Jike anachimba shimo la kuzalia, anazaa humo watoto uchi, vipofu na viziwi, halafu anatoka na kuuziba mlango kwa udongo. Anarudi mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku au alfajiri, ananyonyesha kwa dakika 3 hadi 5, anaziba tena na kwenda zake. Akishinda pale mlangoni atamwonyesha mbweha mahali watoto walipo. Kwa hiyo kukaa mbali ndiko kuwatunza kwenyewe. Jike wako amezaliwa bandani, pengine na mama yake na bibi yake pia, lakini tabia hiyo haijamtoka. Anakaa kona ya pili kwa sababu hana mlango wa kuziba na hana pa kwenda zaidi ya hapo.

Dakika hizo chache zinatosha kwa sababu ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ng’ombe yana mafuta takriban asilimia 4. Ya sungura yanafika kama mara tatu ya hapo, na protini nayo imezidi mara tatu. Mtoto wa siku chache anaweza kunywa karibu robo ya uzito wake kwa mkupuo mmoja. Ni sawa na mtu mzima wa kilo 60 kunywa lita 15 bila kupumzika. Akishashiba hivyo, siku nzima iliyobaki ni ya kulala na kukua.

Na usidhani kwamba wanangoja tu kama mizigo. Saa ya mama inapokaribia, wanajisogeza wenyewe kutoka chini ya manyoya na kukaa juu ya kiota. Mama anasimama juu yao, nao wanaingia chini ya tumbo na kukamata chuchu ndani ya sekunde chache, bila macho wala masikio. Wanafuata harufu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walieleza kuwa ndani ya maziwa ya sungura kuna kemikali moja ambayo mtoto akiinusa tu anafungua mdomo na kutafuta. Hakuna mwenye chuchu yake kama ilivyo kwa watoto wa nguruwe. Wanaachia na kuhamia nyingine kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo mnyonge anasukumwa kila mara. Mama akiruka kutoka, wanakojoa, halafu wanachimba tena kuelekea chini palipo pakavu na joto. Nimeyaona haya kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, na bado kila nikiyaona nasimama kimya.

Sasa jirani. Kusema kwamba sungura anasusa watoto kwa sababu mtu amewashika ni jambo linalosemwa sana, na limeua watoto wengi kwa sababu linawafanya wafugaji waogope kufungua kiota. Jike anayekujua, anayekula mkononi mwako, hatawaacha kwa ajili ya harufu yako. Kinachomfanya awadhuru au hata kuwala ni mengine: hofu ya mbwa au kelele chini ya banda, kiu, na chakula hafifu. Jike anayenyonyesha watoto saba anahitaji maji zaidi ya lita moja kwa siku, na wengi wetu tunamwekea kikopo cha nusu lita asubuhi tukidhani tumemaliza. Fungua kiota kila siku mara moja. Toa aliyekufa, hesabu walio hai, funika.

Mama mkwe ana huruma na nia yake ni njema, mweleze kwa upole. Maziwa ya ng’ombe ni mepesi mno kwa mtoto huyu, na yana sukari ya maziwa nyingi kuliko aliyoizoea, kwa hiyo ataharisha. Baya zaidi ni hilo bomba. Mtoto wa gramu 70 ukimsukumia tone moja kubwa wakati anavuta pumzi, linaingia kwenye mapafu, na siku mbili baadaye unamzika. Ukikuta matumbo yamebonyea, tumia mama yao mwenyewe. Mwingize kwenye boksi la kiota, weka mkono mmoja mabegani bila kumkandamiza, mwingine umfunike macho, mngoje kimya. Majike wengi watasimama, na watoto watajitafutia. Fanya hivyo asubuhi kwa siku mbili tatu, hasa kwa jike wa uzao wa kwanza. Mara nyingi baada ya hapo anashika kazi mwenyewe.

Hao wawili waliokufa sikuwaona, ila nikiulizwa nitaje muuaji mkubwa wa wiki ya kwanza, nitasema baridi. Mtoto akizaliwa ana gramu 40 hadi 60, yaani uzito wa yai la kuku wa kienyeji hadi yai la kisasa. Hana manyoya, na hawezi hata kutetemeka ili apate joto. Anategemea mafuta maalumu aliyozaliwa nayo na miili ya ndugu zake. Na mama sungura hafanyi kama paka: mtoto akianguka nje ya kiota hatamwinua kwa mdomo amrudishe. Hana ujuzi huo, kwa sababu shimoni hakuna mahali pa kuangukia. Mara nyingi mtoto anatoka akiwa bado ameng’ang’ania chuchu, mama anaruka, yeye anadondoka sakafuni mwa banda, na pale alfajiri upepo wa ziwa unampitia chini kwa chini kwenye wavu. Mchana Mwanza kuna joto na mawe yetu yanawaka, ndiyo maana mtu anashangaa kuambiwa baridi. Lakini kwa kiumbe asiye na nywele, saa kumi na moja ya alfajiri ni baridi.

Ukimkuta amelala nje, amepoa na amekakamaa, usimtupe. Mfunge ndani ya kanga kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, nusu saa au zaidi. Nimeona walioonekana wafu wakifungua mdomo. Apate joto kwanza ndipo anyonye; mtoto aliyepoa hana nguvu ya kumeza wala kusaga maziwa.

Kwa hiyo rekebisha kiota leo. Boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 30, na mlango ambao kizingiti chake kinafika sentimita 15, ili mama aruke na mtoto asitoke. Chini weka maranda, juu yake nyasi kavu au mabua ya mpunga, ambayo kwa wakazi wa huku si ya kutafuta kwa shida. Toboa shimo kwa ngumi katikati, uwalaze humo na uwafunike kwa manyoya aliyong’oa mama. Kama aling’oa machache, mshike umng’oe kidogo tumboni, wakati huu yanatoka bila maumivu. Usiweke pamba wala vitambaa vya uzi, mguu wa mtoto unajifunga na kukatika damu. Juu ya bati weka nyasi au makuti, kwa sababu mchana kiota kikipata joto kali watoto wanatawanyika, na jioni wanabaki mmoja mmoja.

Miguu ya banda iingize kwenye vikopo vyenye oili chafu. Siafu. Wakati wa masika niliitwa Igoma kwa mama mmoja aliyekuwa na watoto 11 wa siku sita, wanono, hajapoteza hata mmoja. Nilipofika asubuhi mstari wa siafu ulikuwa bado unapanda mguu mmoja wa banda, ule ambao kikopo chake kilikuwa kimekauka. Mguu mmoja tu. Sitaki kuandika tulichokikuta ndani. Jaza vikopo kabla ya mvua na baada ya mvua.

Wakivuka wiki ya kwanza, kukua kwao ni raha kutazama. Kufikia siku ya 4, hii ya leo, ukipitisha kidole mgongoni utahisi kama velveti, manyoya yanaanza. Siku ya 7 uzito umeongezeka mara mbili na rangi yao inajulikana. Kati ya siku ya 10 na 12 macho yanafunguka, moja leo jingine kesho. Ikifika siku ya 13 na kuna jicho limegandamana, chemsha maji yenye chumvi kidogo, yapoe yawe vuguvugu, loweka pamba safi, shikilia juu ya jicho mpaka gamba lilainike, kisha futa taratibu kuelekea puani. Usilazimishe kope kwa kucha. Ukichelewa, usaha unakusanyika chini ya kope na jicho linapotea.

Kuanzia kama siku ya 16 hadi 18 utaona kichwa kwenye mlango wa boksi, masikio yamesimama, halafu mmoja anathubutu. Wanaanza kumega majani kwa majaribio. Na kabla ya hapo kuna jambo ambalo wafugaji wanaliona uchafu: mama anaacha vidonge vyake vichache vya mavi ndani ya kiota, na watoto wanavitafuna. Waache. Humo wanachukua vijidudu vyema vya tumbo ambavyo baadaye vitawasagia nyasi. Baada ya wiki ya tatu kila mmoja ataanza kula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka kwenye haja yake, kama sungura wote wafanyavyo. Huo si ugonjwa, ndio mmeng’enyo wao.

Hapo ndipo tunafika kwa mteja wako. Kwenye siku ya 21 mtoto anapendeza kuliko wakati mwingine wowote: manyoya yamejaa, anaruka, anakula jani. Ndiyo maana mteja anataka wiki 3. Mnyime.

Mtoto anayenyonya ana tumbo ambalo halina asidi kali. Sungura mkubwa asidi yake inaua karibu kila kijidudu kinachoingia na chakula. Mtoto badala yake analindwa na mafuta yanayotengenezwa tumboni mwake kutokana na maziwa ya mama, ambayo yanazuia bakteria wabaya. Maziwa ya mama yanafikia kilele karibu na wiki ya tatu, kisha yanapungua. Asidi nayo inapanda polepole katika wiki zinazofuata. Katikati pana mwanya, ulinzi wa maziwa unaondoka na ulinzi wa asidi haujakamilika, na ni wakati huohuo sungura anaingiza majani ya kila aina kwenye utumbo unaojifunza. Ukimtoa kwa mama siku ya 21, umemkatia maziwa yakiwa kileleni, umembadilishia banda, chakula, maji na ndugu kwa siku moja. Mteja atakupigia simu baada ya siku tano akisema mmoja anaharisha na mwingine ameamka amekufa, na atadhani umemuuzia wagonjwa.

Mashamba makubwa yenye chakula maalumu cha vidonge yanaachisha kunyonya kati ya siku ya 28 na 35. Sisi tunaolisha majani na pumba, ushauri wangu ni wiki 6, na wanyonge wapewe hadi ya 7 au ya 8. Nimelipia somo hili. Nikiwa kijana kazini nilimwambia mfugaji mmoja wa Misungwi aachishe uzao mzima siku ya 28, nikamsaidia kuwahamisha kwenye banda jipya zuri siku hiyohiyo, na kuwaanzishia chakula kipya ili wanenepe. Walikuwa wanane. Baada ya wiki moja walibaki watatu. Kila kitu tulichofanya kilikuwa chema kikiwa peke yake, tatizo ni kuvifanya vyote kwa pamoja.

Kwa hiyo siku ikifika, mtoe mama, watoto wabaki palepale walipozaliwa, na chombo kilekile cha maji na majani yaleyale. Anza na wakubwa wawili watatu kama nafasi inaruhusu, wadogo wanyonye siku chache zaidi. Chuchu za mama nazo zitakauka polepole bila kuvimba. Mteja achukue wiki moja baada ya hapo, pamoja na mfuko wa majani waliyoyazoea.

Kuhusu majani. Nyasi kavu ndiyo iwe chakula kikuu, hilo halina mjadala. Matembele yanafaa sana, lakini yakate jana uwape leo, yakiwa yamenyauka. Kishona nguo wanakipenda. Kabichi usiwape wadogo, inawajaza gesi, na kisamvu kibichi kina sumu. Watu wa kwetu, kwa kuwa pamba ni zao letu na ng’ombe wanakula mashudu yake, wanawapa na sungura. Mashudu ya pamba yana sumu yake ambayo ng’ombe mkubwa anaivumilia na sungura mdogo haivumilii. Tumia ya alizeti, kidogo. Majani yaliyokatwa ukingoni mwa ziwa nayaogopa yakiwa mabichi, kwa sababu yanaweza kubeba vimelea vya minyoo ya ini. Yaanike vizuri. Na anayekwenda kuyakata asisimame majini, kichocho bado kipo.

Ugonjwa wa kuutegemea kuanzia wiki ya nne ni koksidiosisi, ileile inayosumbua vifaranga ingawa vimelea vyake ni vingine. Mtoto anatoka tumbo kubwa, mgongo unachongoka, anaharisha. Vimelea vinatoka kwenye mavi na vinahitaji unyevu na siku moja mbili au zaidi ili viwe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo ukifagia banda kila siku na kulikausha unavikatia njia kabla havijaiva. Dawa zipo, muone mtaalamu akupimie kipimo. Nakuomba jambo moja tu kwenye duka la dawa za mifugo: usikubali amoksisilini wala penisilini ya kunywa. Kwa sungura zinaua bakteria wema wa utumbo, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara ambako dawa yenyewe imekusababishia.

Nimemalizia na hili kwa makusudi, maana hukuliuliza. Umesema dume na jike wako banda moja. Jike anaweza kushika mimba ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Mtoe dume leo, hata kama ni kwa kumfunika kwenye tenga mpaka fundi aje. Halafu chukulia kwamba tayari ana mimba mpaka ithibitike vinginevyo: kati ya siku ya 12 na 14 baada ya kuzaa mpeleke kwa mtu anayejua kupapasa tumbo. Kama imo, ujauzito ni siku 31, maana yake uzao wa pili utashuka hawa wakiwa na mwezi mmoja. Hapo wiki 6 nilizokuambia hazitawezekana. Siku ya 27 au 28 itabidi umhamishe mama kwenye banda la pili lenye boksi jipya la kiota, hawa saba wabaki walipo, nyasi kavu bila kikomo, hakuna jani jipya hata moja kwa wiki mbili. Mteja angoje palepale kwenye wiki 7. Niletee majibu ya kupapasa, na idadi ya matumbo yaliyojaa utakayoyaona kesho alfajiri.